Mhariri, mbona Mkombozi hamkumtaja?

Mhariri,

Gazeti lenu hunifikia hapa Majengo, Pumwani, kila Jumamosi kabla ya saa mbili asubuhi, na mjukuu wangu ndiye hulipokea kwanza kwa sababu ya ukurasa wa watoto. Majuma mawili yaliyopita ukurasa huo ulibeba habari za mbwa mashuhuri duniani. Walikuwepo Hachiko wa Japani, Laika wa Urusi, Balto wa Alaska, Bobby wa Scotland na Rin Tin Tin wa sinema. Mjukuu wangu yuko gredi ya tano. Mwalimu wao alikuwa amewaagiza waandike juu ya wanyama waliowafaa binadamu, kwa hiyo aliukata ukurasa wote kwa mkasi wa nyanyake akaubandika daftarini. Alipomaliza akaniuliza, "Babu, kwani wa kwetu hakuna hata mmoja?"

Nikamwambia yupo. Nikamsimulia habari za Mkombozi, mbwa koko aliyemwokoa mtoto mchanga hapa Nairobi mwaka 2005, naye akaziandika kwa mkono wake chini ya zile picha, mistari sita. Daftari liliporudi, wale watano wa gazetini kila mmoja alikuwa na alama ya vema. Mkombozi alikuwa na alama ya kuuliza, kwa wino mwekundu.

Simlaumu mwalimu. Ni kijana, mwaka 2005 alikuwa mtoto, na tangu hapo hakuna aliyemwekea habari ile mahali ambapo angeisoma. Lawama yangu naileta kwenu ninyi mlio na wino na karatasi, na naileta kwa heshima.

Nieleze kwanza nazungumza kama nani. Kwa miaka 21, toka 1999 hadi 2020, nilikuwa mlinzi wa usiku mwenye mbwa. Malangoni walituita soja wa mbwa. Kazi yenyewe niliipenda siku za msiba. Tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa Gikomba nikiuza soksi na fulana za watoto, bomu likalipuka kwenye ubalozi wa Marekani. Mabati ya vibanda vyetu yalitetemeka, tukaacha bidhaa zetu chini tukakimbilia mjini. Jumba la Ufundi lilikuwa limelala, sakafu juu ya sakafu. Watu 213 walikufa hapa Nairobi. Siku zilizofuata walikuja waokoaji kutoka ng'ambo, Waisraeli wakiwemo, na wengine wao walikuja na mbwa. Nilisimama nyuma ya kamba nikamwona mbwa mmoja akipanda vifusi, pua chini, mkia umetulia, akaingia kwenye tundu ambalo mtu mzima hangepitisha bega. Alipotoka alikuwa amepauka vumbi hadi kope. Bwana wake akalowesha kitambaa, akampangusa macho taratibu, kabla yeye mwenyewe hajanywa maji. Umati wote ule ulikuwa umenyamaza ukimtazama mbwa. Jina lake sikulijua, na hadi leo sijaliona limeandikwa popote.

Mwaka uliofuata nikaandikwa na kampuni moja ya ulinzi. Nyumbani haikuwa rahisi. Bibi yangu aliyenilea, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Majengo wa asili. Ua wake ulifagiwa alfajiri na mbwa hakukanyaga. Aliniambia, "Mjukuu wangu, mcheza na mbwa humwingia msikitini." Nikaenda kwa maalim wetu wa chuoni nikijua atanikataza. Maalim hakunikataza. Alisema mbwa wa kulinda mali ya watu ana ruhusa yake, na namna ya kujitwaharisha baada ya kumgusa inajulikana. Kisha akanifungulia Sura ya 18 ya Kurani, habari ya vijana waliolala pangoni miaka na miaka, na mbwa wao amenyosha miguu yake ya mbele kizingitini. Akanionyesha mahali watu wanapobishana walikuwa wangapi: wengine husema watatu, wa nne wao mbwa wao, wengine watano, wa sita wao mbwa wao, wengine saba, wa nane wao mbwa wao. "Wameshindwa kupatana idadi ya watu," akasema maalim, "lakini angalia, hakuna hesabu iliyomwacha mbwa." Na wafasiri wakampa jina, Kitmiri, ili asibaki mbwa tu.

Akanisimulia pia hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani kunywa maji, alipopanda akakuta mbwa analamba udongo wenye unyevu kwa kiu, akarudi chini, akajaza kiatu chake maji, akakibana kwa meno ili mikono ipande, akamnywesha. Akasamehewa madhambi yake kwa ajili ya kiatu kile cha maji.

Bibi hakusema neno jingine. Lakini tangu juma lile, nikirudi asubuhi kutoka zamu, nilikuta kwenye bomba la uani kopo la Kimbo limejaa mchanga safi uliochekechwa. Nikanawa mara saba, moja kwa mchanga, ndipo nikaingia. Kopo lile alilijaza yeye mwenyewe mpaka alipofariki.

Sasa nije kwa Mkombozi, nikieleza kama nilivyomweleza mjukuu wangu.

Mwezi Mei 2005 nilikuwa napangiwa zamu kwenye boma moja kando ya Ngong Road, si mbali na msitu. Nilikuwa na mbwa wangu Duma, Jemani shepadi aliyechanganyika damu, mwenye sikio moja lililokunjika. Asubuhi moja muuza magazeti alinipitishia habari langoni. Mbwa jike, koko, mwenye watoto wachanga, alikuwa akitafuta chakula msituni. Akakuta mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko mlikuwa na mtoto wa kike aliyetupwa. Mbwa yule akaubeba mfuko kwa meno, akavuka barabara yenye magari mengi, akapenya seng'enge, akamfikisha mtoto kwenye kibanda alikokuwa amezalia, akamlaza pamoja na watoto wake. Kilio kikasikika, watu wakaja, mtoto akapelekwa Hospitali Kuu ya Kenyatta akiwa hai. Uzani wake ulikuwa kama kilo 3.3. Wauguzi wakamwita Angel. Chama cha kuwakinga wanyama dhidi ya ukatili, KSPCA, chenye makao yake Karen, kikamwita yule mbwa Mkombozi. Habari ikazunguka dunia nzima, magazeti ya Ulaya na Marekani yakaiandika, watu wakafika hospitalini na nguo na nepi.

Wengi waliisoma wakasema ni ajabu, wakafungua ukurasa wa michezo. Mimi niliisoma nikiwa nimeshika kamba ya mbwa. Nimefungua taya za mbwa kwa mikono hii miwili mara nyingi, kumnywesha dawa ya minyoo au kumtoa mfupa uliokwama. Taya zile huponda goti la ng'ombe. Mbwa jike akihamisha kitoto chake humshika kwa ngozi ya kisogo, ngozi iliyolegea ambayo Mungu ameiweka pale kwa kazi hiyo. Mtoto wa binadamu hana ngozi ya kushikwa. Mbwa yule alishika mfuko. Kilo tatu na zaidi zikining'inia mdomoni, yeye mwenyewe amekonda kwa kunyonyesha, na barabarani hawezi kuona miguu yake inapokanyaga. Mbwa wa koko akikuta mfuko jalalani huupasua. Ndivyo anavyopata riziki yake. Njaa anayo, watoto wanamngoja. Huu hakuupasua.

Juma lile nilipotoka zamu niliongoza Duma hadi barabarani tukasimama ukingoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati matatu zinapokimbizana kuingia mjini. Tulingoja. Nilihesabu hadi mia mbili na kitu kabla sijapata nafasi ya kuvuka, mimi mtu mzima mwenye macho yangu na mikono mitupu.

Mhariri, mbwa huyu anapungukiwa na nini kwa hao watano wenu? Nimewasoma wote, na si kwenye ukurasa wenu pekee. Miaka ile ya zamu ndefu nilisoma kila kilichoandikwa juu ya mbwa kilichonifikia mkononi. Sisemi hawastahili. Hachiko namheshimu sana. Lakini mmeandika kwamba alimngoja bwana wake stesheni ya Shibuya hadi watu wakamjengea sanamu, mkaishia hapo, na mmeruka jambo ambalo ninyi watu wa magazeti ndio mlipaswa kuliandika kwa herufi kubwa.

Hidesaburo Ueno, profesa wa kilimo, alifariki Mei 1925 akiwa kazini. Hachiko alikuwa hajatimiza miaka miwili. Aliendelea kwenda stesheni hadi alipokufa, tarehe 8 Machi 1935. Karibu miaka kumi. Lakini miaka saba ya mwanzo hakuwa mbwa mashuhuri. Alikuwa mbwa anayesumbua abiria. Alifukuzwa, alipigwa, hakuna aliyejua anangoja nini. Kisha mwaka 1932 mtu mmoja aliyeitwa Hirokichi Saito, mpenzi wa mbwa wa jamii ya Akita, akampelekea gazeti la Asahi habari yake, na gazeti likaichapa. Kuanzia hapo walewale waliompiga teke wakaanza kumletea chakula. Mwaka 1934 sanamu ya shaba ikazinduliwa, na Hachiko mwenyewe alikuwepo. Sanamu hiyo iliyeyushwa wakati wa vita, wakatengeneza nyingine mwaka 1948. Mbwa alikuwa yuleyule wa siku zote, mahali palepale, saa ileile ya gari moshi. Kilichoongezeka ni mtu mmoja aliyeandika na mhariri aliyekubali.

Na mwandikaji akikosea, sifa huenda kwa mwingine. Mchukue Balto. Januari 1925 dondakoo iliingia mji wa Nome, kule Alaska, na dawa ilikuwa mbali, ndege haziruki kwa baridi. Wanawake waliowahi kupeleka watoto kliniki wanalijua jina la ugonjwa huu, limo katika chanjo za miezi ya kwanza. Waendeshaji kama 20 wa vigari vya barafuni na mbwa wapatao 150 wakapokezana dawa zaidi ya kilomita 1,000, mchana na usiku, kwa muda wa siku tano na nusu. Balto aliongoza kundi la mwisho lililoingia mjini tarehe 2 Februari, wapiga picha wakamkuta yeye, na kabla mwaka haujaisha akawa na sanamu yake New York. Aliyekimbia masafa marefu na ya hatari kuliko wote, akivuka ghuba iliyoganda ambayo barafu yake ingeweza kupasuka wakati wowote, ni Togo, mbwa wa Leonhard Seppala, aliyekuwa na umri wa miaka 12. Miaka kumi na miwili, Mhariri! Mimi nimeishi na mbwa wa miaka tisa, najua magoti yake yalivyolia akiinuka. Togo hamkumtaja. Naye Balto mwenyewe, mwaka 1927, sanamu yake haijatimiza hata miaka miwili, alikutwa Los Angeles amefungwa na wenzake kwenye chumba cha maonyesho, watu wakilipa senti kuwatazama, hali zao duni, hadi watu wa Cleveland walipochanga pesa wakawanunua.

Rin Tin Tin aliokotwa Ufaransa mwaka 1918 na askari wa Marekani, kinda wa siku chache katikati ya magofu ya vita. Sinema zake wengine watazieleza.

Laika nawaomba mrudi kwake, kwa kuwa mmewaambia watoto alikufa "kwa amani baada ya siku kadhaa angani". Ndivyo dunia ilivyoambiwa kwa miaka mingi. Ukweli ulitolewa hadharani mwaka 2002 na mwanasayansi wa Urusi: Laika alikufa saa chache tu baada ya kurushwa, tarehe 3 Novemba 1957, kwa joto na hofu. Chombo chake hakikutengenezwa kurudi. Alikuwa mbwa koko wa mitaa ya Moscow, wa kilo tano na kitu, na alichaguliwa hasa kwa kuwa ni koko, kwa sababu waliona aliyezoea baridi na njaa ya barabarani atavumilia zaidi. Kabla ya safari, daktari mmoja wa mradi ule, Vladimir Yazdovsky, alimchukua nyumbani kwake akamwacha acheze na wanawe, kwa kuwa alijua siku zake zimehesabika. Waambieni watoto hilo la nyumbani kwa daktari. Watoto wanaweza kubeba ukweli. Mjukuu wangu nilipomwambia alikaa kimya, halafu akauliza walicheza mchezo gani.

Na Bobby wa Edinburgh. Inasimuliwa kwamba alikaa karibu na kaburi la bwana wake miaka 14, hadi 1872. Sehemu ninayoipenda ni ya mwaka 1867. Jiji liliamuru kila mbwa awe na leseni, na asiye na mwenye wa kumlipia auawe. Bobby hakuwa na mwenye. Mkuu wa jiji, William Chambers, akatoa pesa mfukoni mwake akamlipia, akamvalisha mkanda wenye jina. Mkanda huo upo kwenye makumbusho ya jiji mpaka leo. Na walipojenga ukumbusho wake mwaka 1873 waliufanya kisima cha maji ya kunywa, bomba la watu juu, na hori chini kwa mbwa.

Nimefika kwenye jambo lenye kuniuma, na nitalisema kwa ufupi kadiri niwezavyo.

Aprili 2008, masika, nilikuwa nimehamishiwa godauni moja Industrial Area. Mvua ilikuwa imenyesha toka magharibi, stima imepotea upande mmoja wa ua. Kama saa nane za usiku tulikuwa tunazunguka, mimi na Duma, na tulipofika kona ya nyuma akasimama. Nikamvuta. Akakaa kitako ndani ya maji. Nilikuwa nimelowa, nimechoka, sweta linanuka mbwa na mvua, na nilihofia msimamizi asije akakuta sijatia sahihi kwenye kituo cha nyuma. Nikamvuta tena hadi mkanda ukamkaba, akakohoa, asiinuke. Nikampiga kwa tochi ubavuni. Hakubweka wala hakunionyesha meno. Aligeuza kichwa akatazama dimbwi lililokuwa mbele yetu, akanitazama mimi, akalitazama dimbwi tena. Ndipo nikainua tochi ileile niliyompigia nikaimulika kona. Waya wa stima ulikuwa umekatika kutoka nguzoni na ncha yake imelala majini, hatua nne kutoka kwenye viatu vyangu. Panya wawili walikuwa wanaelea.

Nilichuchumaa kwenye mvua nikamshika kichwa. Mbavu zake zilipanda na kushuka chini ya mkono wangu, na pale nilipompiga ngozi ilikuwa inatetemeka yenyewe. Binti yangu Zuhura alikuwa na miaka tisa usiku ule. Amekua na baba.

Mwaka 2011 Duma alikuwa na miaka tisa, amepungua kuona. Nilichukua likizo ya siku nne kwa ajili ya mazishi ya bibi. Niliporudi kibanda chake kilikuwa kimeoshwa kwa dawa, sakafu imekauka, mkanda umetundikwa msumarini. Walikuwa wamemdunga sindano. Hakuna aliyenipigia simu, na simu walikuwa nayo. Niliomba nipewe mkanda, nikaambiwa ni mali ya kampuni. Jioni ileile ulivishwa mbwa mgeni, na lile tundu la tatu ambalo shingo ya Duma ilikuwa imelipanua likamlegea, wakautoboa tundu jipya kwa msumari wa moto.

Sikuandika popote. Sikujua kwamba mtu kama mimi anaweza kuandika. Leo naandika.

Najua mtapata barua za watu wa kunijibu: watasema mbwa koko wanauma watoto na wanaleta kichaa. Ni kweli, nami nimeumwa. Kichaa cha mbwa kimejulikana Nairobi tangu mwaka 1912, na aliyeanza kuonyesha dalili zake hapati kupona, ndiyo maana aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo apate chanjo. Lakini wataalamu wanasema ukichanja mbwa asilimia 70 wa mahali, ugonjwa unakosa njia. Sumu haifanyi hivyo. Nimewaona kwa macho yangu karibu na Gikomba mbwa waliotupiwa matumbo yenye sumu usiku, wamekakamaa mitaroni asubuhi, na watoto wa shule wanaruka juu yao. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na haisemi kwamba mbwa asiye na mwenye hayumo. Mmoja wa wale niliowaona mtaroni alikuwa jike, matiti yamejaa maziwa. Nilimfikiria Mkombozi. Kama mtu angetupa matumbo ya aina hiyo pembeni mwa Ngong Road siku moja kabla, msichana yule hangekuwepo.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Ingieni maktaba yenu, toeni magazeti ya Mei 2005, mpige chapa habari ya Mkombozi upya pamoja na picha yake. Watafuteni walioona, kwani bado wapo. Majirani wa kibanda kile, wauguzi, watu wa KSPCA waliomtunza yule mbwa. Wakizeeka wote hatutakuwa na wa kumuuliza. Angel sasa ni mtu mzima. Yeye mwacheni, msimtafute, maisha yake ni yake. Anayehitaji kutafutwa ni mbwa.

Na kama kuna diwani anayesoma ukurasa huu, nimefikiria pia juu ya ukumbusho. Sitaki sanamu kubwa ya mamilioni. Jiwe moja pale mwanzo wa msitu, Ngong Road, la kimo cha goti, jina Mkombozi, mwaka 2005, na beseni la saruji chini yake lenye bomba dogo, ili mbwa anayepita na kiu anywe. Nimechora mchoro wake kwa penseli, na mwashi wa hapa Majengo ameniambia kazi yenyewe ni ya siku mbili. Nitachangia saruji mfuko wa kwanza kutoka kwenye akiba yangu.

Mjukuu wangu ameacha ukurasa mmoja mtupu kwenye daftari lake, baada ya ile alama ya kuuliza. Amepiga mstari kuuzunguka kwa rula, kimo cha picha ya gazetini. Daftari linarudi kwa mwalimu shule zitakapofunguliwa. Mkasi wa nyanyake uko juu ya redio, na gundi nimenunua.

Wenu mtiifu,
Baba Zuhura,
Majengo, Pumwani, Nairobi.